Mihuri Tisa Kwenye Kioo

Watu wa mtaa wetu wa mlimani hawasemi wanachotaka. Ukiwauliza chai au kahawa, watakujibu: yoyote ambayo haitakusumbua. Nimewanyoa kwa miaka mingi, wanaume kwa wanawake, na hata pale kwenye kiti changu cha kinyozi, shingo ikiwa chini ya wembe wangu, hakuna aliyewahi kuniambia nikate wapi. "Fusae, fanya unavyoona mwenyewe." Kisha mtu anarudi kwake na kununa wiki nzima kwa sababu nimemwachia masikio nje.

Kwa hiyo manispaa ilipotangaza kwamba kila nyumba itapewa kishikwambi, na kwamba nyumba zetu tisa zichague zenyewe aina moja kati ya mbili, nilijua mzigo umeniangukia. Mwaka ule zamu ya uongozi wa mtaa ilikuwa yangu. Kwetu uongozi huo haugombewi, unakufikia tu kama mafua.

Bi Nagase wa manispaa alipanda mlima na vishikwambi viwili vya majaribio ndani ya mkoba. Ni mwanamke wa makamo, mkweli, nywele amezibana kwa nguvu mpaka nyusi zimepanda. Akatueleza kwamba vyote viwili ni vidogo na vya bei nafuu, maana mfuko wa manispaa hauruhusu vikubwa. Tutasomea matangazo ya mtaa, siku za kutupa takataka, hali ya hewa na saa za basi. Na wale wanaoishi peke yao watabonyeza kila asubuhi, ili ofisi ijue wameamka salama.

"Nawaachia mvijaribu," alisema. "Mwezi ujao tukutane ukumbini mniambie mmependa kipi. Lakini kiwe kimoja kwa wote, jamani, siwezi kufundisha aina mbili."

Nadhani alitegemea tuviweke juu ya meza ya ukumbi, watu wapite wavichezee. Lakini mtaani kwetu kitu cha kuonwa na wote hakiwekwi mezani, kinazunguka. Tangu nilipoolewa hapa, matangazo husafiri juu ya ubao, nyumba hadi nyumba. Unaanza juu kabisa kwa Bi Shizuno, kwa kuwa yeye ndiye mkubwa wetu. Anasoma, anapiga muhuri wa nyumba yake kwenye kisanduku chenye jina lake, anauleta kwangu. Nami napiga wangu, naupeleka kwa jirani wa chini, hivyo hivyo mpaka kwa Mwalimu Hashizume aliye karibu na barabara. Ukifika mwisho unarudishwa juu. Basi nikavitia vishikwambi vyote viwili kwenye mfuko wa ubao, nikavipandisha kwa Bi Shizuno, na hakuna aliyeona ajabu.

Bi Shizuno alikuwa na miaka themanini na minane na aliishi peke yake, yeye na miti yake ya machungwa. Siku chache kabla, mwanawe Kiyoharu alikuwa amenipigia simu kutoka jiji la Nagoya.

"Dada Fusae, nikwambie ukweli," alisema. "Ile sufuria aliyoiunguza wakati wa baridi bado inaninyima usingizi."

"Sufuria hata mimi nimeunguza, Kiyo."

"Wewe una sabini na moja. Yeye anakaribia tisini. Nimepata nafasi kwenye nyumba ya wazee huku, karibu na kwangu, na wamekubali kunishikia mpaka mwezi ujao. Mimi nimesema hivi: akikiweza hicho kifaa cha manispaa, abaki huko. Asipokiweza, nakuja kumchukua."

"Na yeye umemwambia?"

"Nimemwambia. Kajibu nifanye lolote ambalo halitanisumbua."

Niliweka simu chini kwa kishindo. Nina hasira za karibu, sikatai. Lakini hofu ya yule mtoto haikuwa ya uongo, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi, kwa sababu sikuwa na mtu wa kumtukana. Nilichojua ni kwamba Bi Shizuno aliingia nyumba ile akiwa bibi harusi, akamzika mumewe kutoka nyumba ile, na kwamba yote sasa yalikuwa yanategemea kijisahani cha umeme cha bei ya chee.

Siku mbili baadaye alishuka ngazi polepole, mfuko mkononi, na ndani ya mfuko ameongeza machungwa, maana kwetu kitu hakirudi mikono mitupu.

"Nimeviona vyote viwili," alisema. "Hiki cheupe ni kama kipande cha tofu ya soya, kizuri lakini kinateleza. Hiki cheusi ni kama mwani mkavu. Kizito, tena kibaya cha sura. Ila kina mguu nyuma, kinasimama chenyewe."

"Umeweza kuvisoma, Bibi?"

"Nimesoma neno kwa neno, na muhuri nimeshapiga."

Alisema hivyo akiwa ameinua kidevu, kama mtoto aliyemaliza kazi ya shule. Nikamshukuru, nikamsindikiza mpaka kwenye ngazi. Nilipovitoa mfukoni ndipo nikaelewa alichosema.

Ukurasa wa kwanza ulikuwa na tangazo, na chini yake visanduku tisa vyekundu vyenye majina ya nyumba zetu, sawasawa na vile vya kwenye ubao. Juu yake kumeandikwa: ukishasoma, gusa jina lako. Na ndani ya kisanduku chake, kwenye Tofu na kwenye Mwani pia, kama nilivyoviita tangu hapo, Bi Shizuno alikuwa amepiga muhuri. Muhuri hasa, wa wino mwekundu, juu ya kioo. Haukuinama, haukuvuja, umekaa katikati ya kisanduku. Nikasukuma ukurasa kwa kidole nione hali ya hewa. Maandishi yakaondoka, muhuri ukabaki palepale, juu ya mawingu.

Nilicheka mpaka nikakaa chini, kisha nikaikumbuka ile simu ya Nagoya. Kiyoharu angekuja kwenye kikao, nilijua. Akiuona muhuri wa mama yake kwenye kioo, hata mimi, kama ningekuwa ndiye mtoto, ningemfungia mizigo siku hiyohiyo.

Nikachukua kitambaa chenye maji. Nilianza na Tofu, na nikajuta, maana uso wake ulikuja na ngozi laini ya kuzuia mikwaruzo, na ngozi hiyo ilikuwa imeunywa wino. Nilipogusa pembeni ukasambaa. Mwani haikuwa na ngozi, ni kioo kitupu, na ule wino ungetoka kwa mfuto mmoja tu. Ningeweza kuifuta Mwani nikasema Tofu imemwagikiwa na wino kwangu. Nilikuwa nimeshausogeza mkono.

Mkono ukakataa. Muhuri ni jina la mtu. Alisoma neno kwa neno, akafungua kikopo cha wino, akalenga, akapiga bila kutetemeka. Na vishikwambi vikimaliza mzunguko vitarudi kwake, atatafuta jina lake asilione, na atajua kwamba tumepita nyuma yake tukisafisha kama anavyosafishiwa mtoto aliyekojoa. Sikuona kwa nini afanyiwe hivyo na watu anaowapelekea machungwa.

Basi nikafungua droo ya mlangoni, nikatoa muhuri wangu, nikapiga kwenye kisanduku cha pili, pembeni ya wake. Kwenye Tofu na kwenye Mwani. Nilijisikia vizuri sana kwa muda mfupi, halafu nikaogopa. Mtu wa tatu akicheka kwa sauti, au akifuta, itakuwa kwamba mlimani kuna vikongwe wawili wasio na akili badala ya mmoja. Wala sikuweza kwenda kuwaomba majirani, kwa sababu kuomba ni kutangaza kwamba amekosea. Nikafunga mfuko nikaupeleka kwa Okubo.

Okubo ni mkulima wa machungwa, kichwa cha mviringo, upara tangu ujana, kwa hiyo sijapata pesa yake hata siku moja. Kazi yake ya pili ni kunitania. Haukupita muda akaja kwenye uzio wangu, Mwani mkononi.

"Dada Fusae, siku hizi mihuri inapigwa kwenye vioo? Niambie mapema, nikapige kwenye madirisha ya basi."

"Piga popote unapotaka."

"Wewe, kinyozi mzima, umechanganyikiwa lini? Na hujamaliza hata kunilipa yale machungwa ya mwaka jana."

"Okubo, hebu angalia vizuri. Muhuri wa kwanza ni wa nani?"

Akakisogeza kishikwambi mbali na macho, kisha karibu. Akatazama juu ya ngazi, kwenye paa la Bi Shizuno. Akaingiza mkono kwenye mfuko wa suruali ya shamba, akatoa muhuri wenye udongo, akaupulizia.

"Nipe wino," alisema. "Wangu uko mbali."

Akapigia palepale juu ya uzio. Akaangalia kazi yake, akasema umepinda kidogo, na akaondoka bila kunitania tena.

Baada ya hapo vilikuwa vimetoka mikononi mwangu. Nilibaki kusikia habari tu. Maana pamoja na mihuri, watu walikuwa kweli wanavijaribu, na ubishi ulipanda mlima na kushuka. Tofu ina mwanga, walisema, picha ya mjukuu unaiona mpaka chunusi. Ni nyepesi, unaweza kuishika kitandani. Lakini inauliza mno! Kila ukiiwasha inataka neno la siri, ikimaliza inataka kujisasisha, ikimaliza inakuuliza umeridhika nayo kwa nyota ngapi. Tundu la kuchajia ni dogo, mzee mwenye miwani miwili halioni. Mwani nayo ni nzito na mvivu. Unabonyeza, unaenda kumimina chai, unarudi, ndiyo kwanza inafunguka. Lakini betri yake haiishi, na sauti yake ni ya dalali wa samaki. Mama mmoja wa nyumba za chini aliisimamisha jikoni kwa mguu wake, akapika akiangalia mieleka ya sumo, na mvuke wa sufuria haukuifanya kitu. Kila aliyeniambia haya alimalizia hivi: "Lakini mimi, chochote kitakachowafaa wengine." Na hakuna hata mmoja aliyetaja mihuri.

Mwisho vilifika kwa Mwalimu Hashizume, na huko vikakaa.

Mwalimu alikuwa mkuu wa shule mjini kabla ya kustaafu. Nywele zake anazigawa kwa mstari ulionyooka, na ndiye mteja pekee anayekuja kwangu na kitana chake. Ana kishikwambi chake mwenyewe, tangu wakati sisi wengine tulipokuwa bado tunaogopa simu. Mtu wa namna ile akipiga muhuri kwenye kioo, ni kama ameshuka barabarani na nguo za ndani. Siku zikapita. Nilijipitisha mbele ya nyumba yake kwa visingizio, mara nakwenda kuangalia saa za basi, mara namtafuta paka, na mimi sina paka. Niliona taa yake ikiwaka na sikuona kitu kingine.

Jioni moja akabisha mlangoni kwangu, amefunga tai.

"Fusae," alisema, "kifaa hiki hutumiwa kwa kidole."

"Najua, Mwalimu."

"Okubo naye anajua?"

"Anajua."

"Nyote mlijua."

"Sote."

Akasimama pale mlangoni akiutazama mfuko. "Nilisahihisha makosa ya watu miaka yangu yote ya kazi," alisema. "Si kazi nzuri kama watu wanavyodhani." Kisha akanipa mfuko kwa mikono miwili. "Samahani kwa kuchelewa. Wino wangu ulikuwa umekauka. Ilibidi nisubiri basi la mjini nikanunue."

Alipoondoka nikawasha Mwani. Kwenye kisanduku cha mwisho hakuwa amepiga ule muhuri mdogo wa kupokelea vifurushi. Alikuwa amepiga muhuri wake rasmi, ule uliosajiliwa manispaa, ambao mtu huutoa akinunua ardhi. Mihuri yote tisa ilikuwa imejipanga pale. Nilisimama na kile kitu kifuani nikiwa peke yangu jikoni, na niseme tu, sijawahi kuona fahari ya kuishi mahali kama niliyoiona jioni ile.

Kesho yake nikavirudisha juu kwa Bi Shizuno, kama desturi ilivyo. "Vimezunguka?" aliuliza. "Vimezunguka," nikajibu, nikaondoka kabla hajafungua.

Siku ya kuamkia kikao alikuja nimkate nywele. Nilitafuta usoni mwake kama ameelewa jambo, sikuona kitu. Aliongelea machungwa. Ila nilipomfunga shuka shingoni alisema, "Kata fupi, mpaka hapa. Kiyoharu asinikute kama kichaka." Nilikata mpaka pale alipoonyesha kidole. Mtu wa mtaa huu kuniambia nikate wapi! Ilinipasa nishtuke palepale, lakini nilikuwa na wasiwasi mwingi kichwani, sikushtuka.

Ukumbini tulikaa kwenye mikeka, meza fupi katikati, chai, achari ya figili. Kiyoharu alikuwa ameingia na treni ya asubuhi. Alikaa pembeni ya mama yake na bahasha kubwa juu ya mapaja, na kila mtu alijua ina nini. Amezeeka, nikajisemea, amekonda mashavu.

"Haya," alisema Bi Nagase kwa uchangamfu. "Mmependa kipi?"

"Chochote kitakachowafaa wengine," alisema Okubo.

"Sisi tutafuata tu," alisema mama wa mieleka.

Bi Nagase akacheka, akasema basi tuviangalie tena pamoja. Akavitoa mfukoni, akaviweka juu ya meza, akaviwasha.

Kicheko chake kikakoma. Alitazama Tofu, yenye mihuri tisa iliyovimba na kuingiliana kwenye ile ngozi yake. Akatazama Mwani, ambayo mihuri yake ilikuwa safi kama ya hati. Hakusema kitu kibaya, nampa heshima yake. Alifungua mkoba akatoa kitambaa.

"Usifute!" nikasema, na sauti yangu ikawatikisa watu.

Kiyoharu akawa ameshainama juu ya meza. Aliisoma mihuri kwa mpangilio, kutoka juu, na mpangilio wa ubao wetu anaujua tangu utotoni.

"Wa kwanza ni wetu," alisema taratibu. "Mama. Umepiga muhuri kwenye kioo?"

Hapo kila mtu akasema kwa wakati mmoja. Mwalimu Hashizume akakohoa, akasema kwamba mtu akichora visanduku vyekundu vya ukubwa wa muhuri, asishangae vikipigwa muhuri. Okubo akasema yeye alidhani ni mtindo mpya wa mjini. Mimi nikamwambia Kiyoharu, na sikuwa na adabu, kwamba kama anamchukua mama yake kwa kosa hilo, basi alete lori atubebe wote.

"Nyamazeni," alisema Bi Shizuno.

Alikuwa amekaa wima, nywele fupi, mikono juu ya magoti.

"Niliyekosea ni mimi," alisema. "Niligundua viliporudi. Nilikuwa nafuta vumbi, kidole kikagusa jina langu, likageuka kijani. Nikaelewa kila kitu. Ndipo nikaitazama hii mingine." Akaelekeza kidole kwenye meza. "Mwalimu ana kishikwambi chake tangu mkewe akiwa hai, Kiyo. Alijua. Okubo anajifanya mjinga, alijua. Na Fusae alijua kabla ya wote, maana yeye ndiye wa pili. Wangeweza kunifuta. Hawakunifuta."

"Mama, mimi sijasema kwamba..."

"Sijamaliza. Huko unakotaka kunipeleka watu ni wema, sina shaka. Nikikosea watanisahihisha, tena kwa sauti ya upole. Lakini niambie, mwanangu. Huko, nani atakosea pamoja nami?"

Mama wa mieleka alijifuta macho kwa aproni yake. Mwalimu aliangalia dari. Mimi nilikuwa nalia waziwazi, na nilikuwa na fahari juu ya yule bibi.

Kiyoharu aliiangalia bahasha yake, akaishusha chini, akaisukuma nyuma ya mgongo.

"Na nyingine," aliendelea Bi Shizuno, akimgeukia Bi Nagase. "Mimi nataka hiki cheusi. Kinasimama chenyewe, nakisikia hata nikiwa bafuni, na hakiniulizi mimi ni nani kila nikikiwasha."

Nataka. Neno hilo halijawahi kusemwa katika ukumbi ule, sidhani. Lilipotoka kwa mmoja likawatoka na wengine. Okubo akasema naye anataka cheusi, tangu siku ya kwanza alikitaka, na mieleka ndiyo sababu. Mama wa mieleka akasema naye. Mwalimu Hashizume, ambaye sote tulijua anaipenda Tofu kwa mwanga wake, alikunja uso kidogo, akasema Mwani ni mbaya, ni mvivu, na anakubali. Nyumba tisa zikawa zimechagua, na Bi Nagase akaandika.

"Akibonyeza asubuhi," aliuliza Kiyoharu, "mimi kule Nagoya nitaona?"

"Nikikuunganisha, utaona jina lake limekuwa kijani," alijibu Bi Nagase.

"Na lake yeye nitaliona?" aliuliza Bi Shizuno.

"La nani, Bibi?"

"La huyu. Ana miaka sitini na mitatu. Anaishi peke yake tangu mkewe alipoondoka, anakula vyakula vya kwenye mapakiti, angalia mashavu yake. Asubuhi atabonyeza wapi, mimi nijue ameamka?"

Okubo alipasuka kicheko, sote tukafuata. Kiyoharu alicheka mwisho, kisha akafunika macho kwa mkono na mkono haukuondoka haraka. Bi Nagase alifikiri, akasema utaratibu haumkatazi kuongeza jina moja.

Sasa kwenye vishikwambi vyetu kuna visanduku kumi, na cha kumi kimeandikwa Nagoya. Bi Shizuno hubonyeza chake kwa kidole kabla ya jua kuingia jikoni, na hajakosa hata mara moja. Kiyoharu ndiye msahaulifu. Saa ya chai ikifika jina lake likiwa bado jekundu, mtaa mzima tunaliona, na huko juu tunamsikia mama yake akimpigia, sauti ya Mwani ikitoka mpaka kwenye ngazi, akimuuliza mwanawe kama bado ana akili timamu.